Jina, Mahali na Pumzi: Maombolezo katika Rekodi za Archie Shepp

1. Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na swali la darasani. Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Beni anayesoma Butembo, alikuwa ametunga shairi la kumlilia jirani yake aliyeuawa shambani, akalisoma kwenye matanga. Miezi michache baadaye alifikwa na msiba wa pili. Akaja kwetu na karatasi ileile mkononi, akauliza: "Mwalimu, nikibadilisha jina tu, si litafaa tena?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwambia alisome, naye akalisoma. Hadhira ililia kama ilivyolia mara ya kwanza. Lakini mwenyewe alirudi akisema kwamba safari hii alijiona kama mtu anayesoma tangazo.

Swali hilo si dogo katika jamii yetu. Tangu mauaji ya raia yalipoanza mwezi Oktoba 2014 katika mji wa Beni na vijiji vinavyouzunguka, wengi miongoni mwa wanafunzi wetu wamekuwa watunzi wa maombolezo bila kupenda. Fasihi hiyo inasomwa usiku mmoja na kusahauliwa asubuhi. Wahakiki hatujaishughulikia ipasavyo, labda kwa kuwa iko karibu mno nasi.

Ili kulijibu swali la mwanafunzi huyo, tumechagua kuanzia mbali, kwa Archie Shepp, Mmarekani mweusi aliye mpiga saksafoni na mshairi kwa pamoja. Katika rekodi kadhaa za kati ya 1965 na 1982 Shepp anatumia kinywa kimoja kwa kazi mbili: kusema shairi na kupuliza chombo. Dai letu ni kwamba rekodi hizo hufaulu pale neno linapokuwa na jina na mahali, na pale msanii anapojua wapi neno liishie ili pumzi iendelee bila neno. Hulegea pale neno linapogeuka bendera.

2. Msanii na zama zake

Shepp alizaliwa tarehe 24 Mei 1937 huko Fort Lauderdale, Florida, akakulia Philadelphia. Alisomea tamthilia katika chuo cha Goddard, jimbo la Vermont, akahitimu mwaka 1959. Jambo hili la pili lina uzito kwa mhakiki, kwani katika rekodi zake tunamsikia mtu aliyefundishwa jukwaa: anajua kunong'ona, kunyamaza na kumkabili msikilizaji. Alipiga pamoja na mpiga piano Cecil Taylor, kisha akashiriki katika santuri ya John Coltrane iitwayo Ascension (1965). Baadaye alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst.

Muziki aliojiunga nao uliitwa jazi huru. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atauelewa upesi akikumbuka mgogoro wa ushairi wetu, hasa baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974. Swali lilikuwa lilelile: je, kazi isiyo na vina na mizani ni shairi? Je, muziki usioshika mdundo mmoja wala mpangilio wa sauti uliozoeleka ni muziki? Wanajadi wa pande zote mbili walidhani kwamba kuiacha kanuni ni kukosa kanuni. Rekodi tutakazozitazama zinaonyesha kwamba aliyeiacha kanuni ya nje hulazimika kujiwekea nyingine ya ndani, iliyo kali zaidi.

3. Shairi la Malcolm

Santuri ya Fire Music ilitolewa mwaka 1965. Sehemu yake kubwa ilirekodiwa tarehe 16 Februari mwaka huo. Siku tano baadaye, tarehe 21 Februari, Malcolm X aliuawa kwa risasi katika ukumbi wa Audubon, New York. Tarehe 9 Machi, siku 16 baada ya mauaji, Shepp alirudi studio na watu wawili tu, mpiga besi David Izenzon na mpiga ngoma J. C. Moses, wakarekodi "Malcolm, Malcolm, Semper Malcolm". Kwa hiyo santuri hii moja ina vipande vilivyopigwa marehemu akiwa hai na kipande kilichopigwa akiwa kaburini. Sisi wa Kivu ya Kaskazini hatuhitaji kuelezwa maana ya tofauti hiyo ya siku chache.

Kipande hiki hakifiki dakika tano. Sauti ya Shepp inaanza kwa utulivu, karibu ya mtu anayefikiri peke yake, huku besi ikilia chini yake. Maudhui yake si sifa za marehemu. Hakuna orodha ya fadhila, wala hatuambiwi kwamba taa imezimika au mti umeanguka. Msemaji anaanza kwa kuutafakari wimbo wenyewe, anamtaja Charlie Parker kwa jina lake la utani, anautaja ukumbi ambamo damu ilimwagika, kisha anaishia kwenye jina la marehemu. Hapo maneno yanakoma na saksafoni inaanza.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni historia ya shairi. Kiini chake kilitokana na kazi ndefu zaidi iliyokusudiwa kumlilia Medgar Evers, mtetezi wa haki aliyeuawa Mississippi mwezi Juni 1963. Yaani Shepp alifanya lile lile alilotaka kulifanya mwanafunzi wetu: alichukua ombolezo la mfu mmoja akampa mwingine. Lakini hakubadilisha jina tu. Alilipunguza shairi na kulitia mahali. Ukumbi ulipotajwa, shairi lilipata mzizi, na tangu hapo halikuweza kung'olewa na kupandikizwa kwenye kaburi la tatu.

La pili ni kazi ya saksafoni. Katika burudani nyingi zinazochanganya shairi na muziki, chombo hupigwa nyuma ya maneno kama pazia. Hapa sivyo. Saksafoni haipambi shairi bali inalirithi. Mtu aliyekuwa akisema sasa anapuliza, na sauti ya chombo ina mikwaruzo na vituo vya mtu yule yule aliyekosa la kuongeza. Waliohudhuria matanga ya kwetu wanakijua kipindi hiki: msemaji ametaja jina la marehemu, sauti imekatika, na kilio cha wanawake kimepokea pale neno lilipoishia. Kilio hakifafanui neno wala hakilipambi. Kinaendelea na kazi ambayo neno haliwezi.

4. Sauti ya mwingine

Si kila mara Shepp husema kwa nafsi yake. Katika tamasha la Newport la Julai 1965 alirekodi "Scag", jina la mitaani la heroini, ambamo maneno machache yanatolewa kwa sauti ya chini, kama ya mtu aliye ndani ya mateso hayo. Mwaka 1966, katika onyesho la San Francisco, alisema shairi lake "The Wedding". Ukizisikiliza pamoja unatambua mafunzo ya tamthilia: mshairi anavaa uhusika, hatoi hotuba juu ya watu wanaoteseka.

Jina la "Mama Rose" lina historia nyingine. Ni jina la nyanya yake. Linatokea katika rekodi iliyofanyika Paris mwezi Agosti 1969, kisha katika santuri aliyoirekodi mwaka 1982 na mpiga kinanda Mholanzi Jasper van 't Hof, ambamo shairi lenye mambo makali ya kisiasa linasemwa chini ya jina hilo. Msikilizaji anaweza kukereka kwa ukali wa picha zake, nasi tunakiri kwamba baadhi zinapiga kelele kuliko kusema. Hata hivyo jina la nyanya linaizuia kazi hii isipae hewani. Mapinduzi yanazungumzwa mbele ya bibi mmoja anayejulikana, si mbele ya umma usio na sura.

5. Algiers, 1969

Mwezi Julai 1969 Shepp alikwenda Algiers katika Tamasha la Kwanza la Utamaduni la Afrika Nzima. Huko alipiga pamoja na wanamuziki wa Kialjeria na wa Kituaregi, huku washairi wawili Wamarekani weusi, Ted Joans na Don L. Lee, wakitamka maneno yao. Rekodi hii huheshimiwa sana, na inastahili heshima kwa sehemu yake ya muziki. Shepp hajaribu kuziongoza ngoma na zumari za wenyeji. Anaziingilia, anashindwa, anatafuta nafasi, anaipata.

Sehemu ya maneno ni dhaifu zaidi. Washairi wanatangaza kwamba wamerejea Afrika na kwamba jazi ni mali ya Afrika. Dai hilo lina ukweli wake. Tatizo ni kwamba linatamkwa kwa Kiingereza, mjini ambapo watu huzungumza Kiarabu, Kikabili na Kifaransa. Anayerudi nyumbani akabisha hodi kwa lugha ambayo wenye nyumba hawaijui, je, anabisha hodi au anajirekodi akibisha? Tukilinganisha na shairi la 1965 tunaona tofauti. Kule palitajwa ukumbi mmoja na mtu mmoja. Hapa panatajwa bara zima, na bara zima halina sikio moja la kusikilizia.

6. Kiswahili cha jalada na Kiswahili cha kinywa

Jarida la taaluma ya Kiswahili haliwezi kulipita jambo lifuatalo. Mwaka 1970 Shepp alirekodi Paris kipande alichokiita "Uhuru". Mwaka 1974 ilitolewa santuri yake yenye jina Kwanza. Mshairi Don L. Lee naye alibadili jina akajiita Haki Madhubuti. Lakini msikilizaji anayeifungua Kwanza akitarajia Kiswahili hatakipata ndani. Lugha yetu imebaki kwenye jalada.

Tusiharakishe kulaumu, kwani sisi tulifanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili. Mwaka 1953 Kabasele aliunda African Jazz mjini Léopoldville, na mwaka 1956 ikafuata OK Jazz. Tanganyika ilikuwa tayari na Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz. Bendi hizo zilipiga rumba na dansi. Wao walichukua neno "uhuru" kwetu, nasi tukachukua neno "jazz" kwao, kila upande ukilitundika mlangoni kama ishara ya heshima.

Kuna rekodi moja inayoonyesha kwamba ingewezekana kufanya zaidi. Mwezi Novemba 1960, mwaka wa uhuru wa Kongo na wa nchi nyingine nyingi, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York santuri ya Uhuru Afrika. Langston Hughes aliiandikia shairi, nalo likatamkwa kwa Kiswahili na Mtanganyika Tuntemeke Sanga. Jina la santuri lenyewe ni la bendera: limeangusha kihusishi "wa", kama yafanyavyo maandishi ya mabango. Sanga anapofungua kinywa, lugha inarudisha viungo vyake vyote, viambishi na vihusishi. Mwaka 1964 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo.

Tofauti hii kati ya jalada na kinywa ndiyo iliyotusaidia kulielewa tangazo la mwanafunzi wetu. Shairi lake lilitungwa kwa Kiswahili sanifu kisicho na kosa: "watoto wasio na hatia", "mashujaa waliolala". Waliomsikiliza ni watu wanaosema "batoto" na "batu", na wanaolia kwa Kinande. Hatusemi kwamba lahaja peke yake ingeliokoa shairi. Kiingereza cha Shepp katika "Malcolm" si cha mitaani, ni cha msomi. Tunasema kwamba maneno yake yalikuwa ya kila mahali, kwa hiyo hayakuwa ya pale.

7. Hitimisho

Sasa tunaweza kumjibu. Ombolezo linaweza kurithiwa na mfu wa pili, kama la Evers lilivyorithiwa na Malcolm, kwa sharti kwamba lifanyiwe kazi upya hadi lishindwe kuhama tena. Kinacholiwekea mzizi ni mahali, saa, na kitu ambacho marehemu alikuwa amekishika. Na pale msemaji anapoishiwa, asijaze pengo kwa "mashujaa". Awaachie wenye kilio.

Mwanafunzi huyo amelitunga upya shairi la jirani yake. Sasa lina jina la kijito, mzigo wa mihogo ulioachwa njiani, na jembe lililoletwa nyumbani na watu wengine. Ni fupi kwa nusu. Shairi la msiba wa pili bado hajaliandika. Anasema hawezi kwa sasa, nasi hatumhimizi.

Kwa wenzetu wa idara za lugha Butembo na Beni tuna pendekezo moja. Maombolezo haya, ya Kiswahili na ya Kinande, yarekodiwe kwa simu tulizo nazo, pamoja na tarehe na mahali, bila kukata vituo wala vilio vinavyoyafuata, kwa sababu hivyo navyo ni sehemu ya matini. Yarekodiwe kwa idhini ya wafiwa tu, na yahifadhiwe bila kusambazwa, maana katika nchi yetu jina na mahali, vitu vilevile vinavyolipa shairi uzito, vinaweza kumletea hatari aliyebaki hai.