Nukta Isiyo na Ukubwa: Uhakiki wa Programu ya Stellarium

Insha hii inahakiki jinsi programu ya Stellarium inavyoonyesha vitu vidogo vilivyo mbali angani. Programu hii haiuzwi, na ukishaipakua inafanya kazi hata pasipo intaneti, ndiyo maana wanafunzi wengi tunaiweka kwenye kompyuta zetu. Niliichukua nikiwa chuoni Arua, nikaenda nayo nyumbani Koboko mwanzoni mwa mwaka 2023.

Wakati huo habari kubwa ilikuwa PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda. Wahandisi watatu kutoka Uganda waliitengeneza nchini Japani, ikarushwa tarehe 7 Novemba 2022 na kuachiliwa kutoka kituo cha anga za juu tarehe 2 Desemba. Ilikuwa mchemraba wenye pande za sentimita 10 tu. Nilimwonyesha mdogo wangu alama yake, kiduara chenye jina kikipita kwenye kioo juu ya Koboko. Umeme ulikuwa umekatika, mji mzima giza. Tukatoka nje. Tuliona nyota, tuliona Mshtarii upande wa magharibi, lakini setilaiti hatukuiona. Akaniuliza, "Kaka, mbona kwenye kompyuta ipo?" Nilikosa jibu, naye akaamini kwamba nimemdanganya.

Tufanye hesabu. Nikiiweka programu ionyeshe nyuzi 60 za anga kwenye kioo chenye upana wa pikseli 1366, basi kwa umbali wa kilomita 400 pikseli moja inafunika takriban mita 300. Setilaiti yetu ingeingia mara 3000 katika upana wa pikseli hiyo moja. Hata Mshtarii, ambayo kipenyo chake kinazidi kilomita 140,000, haijazi pikseli moja kwa kipimo hicho.

Kwa hiyo mtengenezaji wa programu ana njia tatu. Akichora kila kitu kwa ukubwa wake halisi, anga itakuwa karibu tupu. Njia ya pili ni kuchora nukta ya mwanga inayokua kadiri kitu kinavyong'aa. Hivyo ndivyo Stellarium inavyofanya kwa nyota na sayari, na nadhani inafanya vizuri, kwa sababu macho yetu nayo huona mng'ao, hayaoni upana. Ukiikuza Mshtarii, nukta inageuka kuwa duara lenye mistari, na miezi yake inajitokeza kando. Njia ya tatu ni alama, na ndiyo niliyokuwa nimeiwasha usiku ule. Alama husema kitu kiko wapi. Haisemi kama kinaonekana kwa macho.

Lawama yangu iko hapo. Njia ya pili na ya tatu zinakaa kwenye anga moja, na mtazamaji mgeni hana namna ya kujua ipi ni mwanga na ipi ni alama. Kwenye ramani ya ukutani shuleni, Koboko ni kiduara, wala hakuna mtoto anayedhani mji wetu ni wa mviringo, kwa sababu mwalimu alitufundisha kusoma ufunguo wa ramani. Ramani ya anga hatukufundishwa kuisoma.

Wapo watakaosema alama ziondolewe. Sikubaliani nao. Bila alama, kazi ya wale wahandisi watatu isingekuwa na mahali kwenye anga ya kompyuta, na zingebaki nyota na sayari kubwa peke yake. Ninachotaka ni maneno machache kando ya kiduara: "Kipo hapa, lakini macho hayakifikii."

Maneno hayo ndiyo niliyomwambia mdogo wangu asubuhi yake, nikichora kwa kijiti mchangani. Alifikiri kidogo, akauliza ni nani basi anayeiona. Nilimweleza kwamba haionwi, inasikika: vituo vya ardhini hupokea mawimbi yake ya redio. Jibu hilo alilikubali.