Koili Mbili Zisizogusana: Kusoma Umbo la Transfoma

Anayesimama karibu na kabini ya umeme pale Katuba au Ruashi, hapa Lubumbashi, saa za jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha taa na resho (majiko ya umeme), husikia kwanza mvumo. Mkondo una mizunguko 50 kwa sekunde, lakini mvumo una mitikisiko 100, kwa kuwa chuma cha ndani hubadilika urefu, kwa kiasi kidogo mno, katika kila nusu ya wimbi. Naanza na sauti hiyo kwa sababu mtikisiko huo ni takriban mwendo pekee ambao transfoma ya mtaani hujiruhusu: haina gurudumu wala mhimili. Kazi yote imekabidhiwa umbo, na umbo lenyewe limejengwa juu ya nafasi iliyoachwa kati ya vitu viwili.

Vitu hivyo ni koili mbili za shaba, zimezungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma pasipo kuunganishwa. Mkondo geu wa koili ya kwanza huzaa uga wa sumaku unaobadilika, na uga huo, ukipenya koili ya pili, huamsha humo umeme mpya. Michael Faraday aliidhihirisha kanuni hii mwaka 1831 kwa pete ya chuma. Mwaka 1885, huko Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri wakaiundia transfoma yenye kiini kilichofungika. Tangu hapo mtunzi wa transfoma huhesabu mizunguko kama mshairi ahesabuvyo mizani, maana uwiano wa volti hufuata uwiano wa mizunguko. Tuchukue transfoma inayoshusha volti 15,000 hadi 400, yaani 230 hivi kwa nyumba moja: koili za juu zikifungwa kwa pembetatu na za chini kwa nyota, kila mzunguko mmoja wa chini huitikiwa na mizunguko 65 hivi ya juu. Waya nao hutii hesabu hiyo. Wa volti kubwa ni mwembamba na mrefu, wa volti ndogo ni mnene na mfupi, kwa kuwa volti zinaposhuka ampea hupanda. Hata mpangilio wa matabaka una hoja yake: koili ya volti ndogo hukaa ndani, jirani na chuma, kwa sababu haidai kinga kubwa dhidi yake.

Fungu ninalolistahi zaidi, hata hivyo, ni kiini. Chuma kizima kisichokatwa kingezalisha tumboni mwake mikondo ya kujizungukia na kugeuka jiko. Kwa hiyo hukatwa kuwa bati za unene wa milimita 0.3 hivi, zilizochanganywa na silikoni, kila moja ikipakwa kihami. Uga husafiri kwa urefu wa bati bila kizuizi, ilhali mikondo ile haramu, inayotaka kukatiza upana, hukuta mlango umefungwa.

Mtihani mkali wa umbo hili tunao sisi watu wa Katanga. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, iliyokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi na husafirisha mkondo mnyoofu kwa volti 500,000. Mkondo usiobadilika hauna la kuiambia transfoma, hivyo njiani kote haina nafasi. Husimama kwenye ncha mbili: Inga hupandisha volti kabla ya mkondo kunyooshwa, na Kolwezi hupokea mkondo uliokwisha kurudishwa kuwa geu, nao huendelea kuja Lubumbashi kwa volti 220,000. Bila ncha hizo laini yenyewe isingewezekana, kwani volti zikizidishwa mara 10 mkondo hupungua mara 10, na joto linalopotea wayani hupungua mara 100.

Turudi kwenye transfoma ya mtaani. Ndani ya tangi lake, mafuta hufanya kazi mbili, kuhami na kubeba joto hadi kwenye mapezi ya nje. Lakini shaba imevikwa karatasi, na hapo ndipo umbo lote lilipo dhaifu: joto likizidi kiwango kwa nyuzi 6 hadi 8 tu, umri wa karatasi hupungua kwa nusu. Transfoma yenye uwezo wa kVA 250 hujazwa na resho 120 hivi za kilowati 2 zikiwashwa pamoja. Nyumba zikiendelea kuunganishwa pasipo hesabu, chuma na shaba huvumilia, karatasi ndiyo hulipa, na wakaaji huishia kuchanga fedha za transfoma nyingine. Naona swali la kwanza kabla ya mchango lingekuwa kVA ngapi zimeandikwa kwenye kibati cha transfoma, maana ikinunuliwa ya kiwango kile kile ilhali nyumba zimeongezeka, karatasi mpya itakufa kwa joto lile lile.