Heko kwa Fundi Anayepima

Injini ikishushwa kwa ovahooli, wenye magari huulizia pistoni na ringi. Wachache huuliza kuhusu nafasi iliyopo kati ya kranki na beringi zake. Katika injini nyingi za magari madogo nafasi hiyo ni kama milimita 0.02 hadi 0.05, na humo ndimo oili inamopita. Ikibana mno, beringi huungua na injini hukwama. Ikizidi, presha ya oili hushuka na injini huanza kugonga.

Mtazame fundi makini. Anafuta oili yote, analaza kipande cha Plastigage, uzi laini wa kupimia, juu ya kranki, anarudisha kifuniko na kukaza bolti kwa kipimo cha kiwanda, bila kuizungusha kranki hata kidogo. Akifungua, uzi umekuwa bapa. Anaulinganisha na mistari ya kwenye pakiti. Ukiwa mpana, nafasi ni finyu. Anarudia kwa kila beringi, huku simu ya mwenye gari ikiita.

Wapo mafundi wanaoitikisa kranki kwa mkono na kusema "iko sawa". Kazi yao mwenye gari huilipia mara mbili. Fundi anayepima anastahili heko, na akiomba siku moja zaidi, apewe.