Sifa za Fundi wa Taa Ndogo

Ukienda dukani kuulizia balbu ya swichi ya dashibodi ya Toyota HiAce ya zamani, zile za umbo la H100 zilizotengenezwa kati ya 1989 na 2004, usishangae ukiambiwa balbu haiuzwi peke yake, nunua swichi nzima. Swichi yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni mwanga wa wati moja na kitu. Wenye magari wengi hapo hukata tamaa, wakaendesha usiku kwa kupapasa. Fundi umeme anayejua kazi yake hakubali jibu hilo, nami namsifu kwa sababu hasifiwi. Fundi injini akimaliza kazi, gari huunguruma mtaa mzima ukasikia. Huyu akimaliza, hakuna anayegeuka.

Kwanza anauliza: zimezimika zote, au moja? Zikiwa zote, haigusi dashibodi. Anazunguka nyuma ya gari kutazama taa ndogo, maana katika Toyota nyingi taa hizo na za dashibodi zinatumia fyuzi moja. Dashibodi ngapi zimevunjwa klipu bure kwa kosa la fyuzi!

Ikiwa ni moja, anafungua waya wa betri, anazungushia kitambaa bisbisi bapa na kuichokonoa swichi taratibu, kwani plastiki iliyopigwa jua miaka ishirini hupasuka kwa kuguswa. Nyuma ya swichi kuna kishikio kidogo. Kizungushe robo mzunguko, kinatoka na balbu yake, kioo chembamba chenye upana wa milimita chache tu. Kitazame kwa karibu. Kwa ndani kimeingia weusi, ambao ni tungsteni ya uzi wa balbu iliyogeuka mvuke ikaganda kwenye kioo. Miguu yake miwili ni nyaya nyembamba zilizokunjwa kwenye kitako cha plastiki. Fundi huzinyoosha kwa kibano, akavuta iliyokufa na kuingiza nyingine, kisha akairudishia kofia ya mpira ya kijani. Rangi ya dashibodi inatoka kwenye kofia hiyo, si kwenye balbu, kwa hiyo anayeitupa ameitupa rangi.

Huyo huyo hupima pia umeme wa kuchaji. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wa balbu hupungua karibu nusu, na altaneta inayozidisha itaziua zilizobaki moja moja.

Balbu ya kubadilishia inatoka wapi? Hapa ndipo penye raha. Magari haya yaliundwa kwa baridi ya Japani, na mengi yana swichi ya kupasha joto kioo cha nyuma. Swichi ya namna hiyo huwa na balbu mbili: moja huwaka kila taa ndogo zikiwashwa, ya pili huwaka pale tu kipasha joto kinapofanya kazi. Dar es Salaam nani anakiwasha? Balbu hiyo ya pili imezeeka pamoja na gari bila kutumika. Kama kitako kinalingana, fundi anaihamisha, na gharama ni sifuri. (Mwenye gari wa Njombe, kwenye asubuhi zile za ukungu, afikirie mara mbili.)

Isipolingana, anatengeneza yake kwa LED. LED nyeupe inataka volti 3 hivi, na gari linalochaji linatoa kama 14. Zile 11 zinazobaki zinabebwa na rezista ya ohm 1,000, yenye michirizi ya kahawia, nyeusi na nyekundu, na umeme unaopita ni kama miliampia 11. LED na rezista zote hupatikana kwenye redio mbovu. Ukiilehemu ikakataa kuwaka, geuza miguu, kwani LED ina chanya na hasi. Shida yake ni kwamba hurusha mwanga mbele tu: katikati ya alama panang'aa, pembeni giza. Dawa ni msasa laini. Fundi husugua kichwa chake mpaka kipoteze uangavu, na mwanga unatawanyika.

Hapa nina ugomvi na wanaojaza bluu kali kwenye dashibodi. Taa ya swichi ipo ili mkono ujue pa kwenda, basi. Dereva wa usiku mboni zake zimepanuka kwa ajili ya giza la mbele, na mwanga mkali chini ya pua unamwibia mtembea kwa miguu aliye kando ya lami. Ndiyo maana fundi mwenye jicho huketi kiti cha dereva, huwasha taa ndogo na kutazama safu yote ya swichi kwa pamoja. Ile mpya ikijitokeza kuliko wenzake, anaishusha tena, anaunganisha rezista nyingine mfululizo na ile ya kwanza, anarudi kutazama. Naam, anaweza kuifungua mara kadhaa kwa tofauti ambayo mwenye gari hataiona. Kwa kazi hiyo wateja wengi humpa hela ya soda, na wapo wanaosubiri chenji.