Mudimbe ampima Padri Tempels

Wengi wetu twalijua jina la Padri Placide Tempels, Mfransiskani, kwa ajili ya kitabu chake La philosophie bantoue, kilichotolewa Élisabethville mwaka 1945. Lakini aliwaza nini juu ya utawala na maisha ya watu? V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alilichunguza jambo hilo katika kitabu The Invention of Africa, mwaka 1988. Kurasa zake ni ngumu, lakini zafaa kusomwa polepole.

Mudimbe apima pande mbili. Kwanza, Tempels alikataa kumhesabu mtu mweusi kama chombo kitupu cha kujazwa na Mzungu. Pili, hakuukana ukoloni wenyewe: alitaka utawale kwa akili njema zaidi, tena aliwaangalia weusi waliosoma, wale évolués, kwa mashaka. Hukumu hiyo ni ya haki. Aimé Césaire naye, mwaka 1950, alikuwa amekwisha kukishambulia kitabu hicho: kusifu mawazo ya mtu mweusi kutamfaa nini, akinyimwa mshahara wa haki, nyumba njema na chakula?

Lakini kwa neno moja hatupatani na Mudimbe. Jamaa anaijua, ila mizani yake yakaa zaidi juu ya kitabu, na Tempels hakuishia mwaka 1945. Tangu mwaka 1953, hapa Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, Jamaa ilizaliwa. Johannes Fabian aliichunguza huku miaka 1966 na 1967, akatoa kitabu mwaka 1971. Aonyesha jinsi watu wa kambi walivyofundishana uzima, uzazi na mapendo kwa Kiswahili chao, mume na mke pamoja. Kitabuni Padri aliwasemea Wabantu mbele ya Wazungu. Katika Jamaa walisema wenyewe. Anayetaka kujua mawazo ya Tempels juu ya maisha ya watu hawezi kuliacha jambo hilo kando.

Je, hilo latosha kumjibu Césaire? Hapana. Jamaa iliwapatanisha watu wa ndoa. Haikuwa chama cha kudai mishahara. Swali lake lingali mlangoni petu, sisi tunaohubiri kando ya machimbo ya shaba na kobalti. Tukiwafundisha watu uzima, tusinyamaze juu ya malipo ya jasho lao.