Njia ya Joto

Kabla hajashika bisibisi, fundi mzuri wa laptopu husikiliza. Huiwasha mashine, huipa kazi nzito, kisha hunyamaza. Feni ikianza kupiga kelele mapema na huku hewa inayotoka ubavuni ni ya uvuguvugu tu, ameshajua mengi: ndani kuna joto jingi lisilopata njia ya kufika kwenye mapezi ya shaba. Hewa ikitoka ya moto lakini haba, njia ipo, ila mlango wa kutokea umezibwa na vumbi. Ni magonjwa mawili tofauti. Anayeyachanganya atamrudishia mteja mashine safi kabisa, inayochemka vilevile.

Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi mafundi wa aina hii wapo, na kazi hawakosi. Laptopu nyingi zinazotegemewa na wanafunzi, wahasibu wadogo na wenye vibanda vya kuchapa zilianza maisha katika ofisi za Ulaya au Ghuba: EliteBook, Latitude, ThinkPad. Zinafika huku zikiwa na miaka kadhaa mgongoni, zinauzwa kama mtumba au, kwa msemo wa Nairobi, eks-UK. Mwenye nayo huja kulalamika kwamba mashine imezeeka, inakwama. Lakini silikoni haichoki kama goti. Prosesa iliyofanya hesabu kwa kasi fulani mwaka 2014 inaweza kuzifanya kwa kasi ileile leo, mradi ipozwe kama ilivyopozwa siku ya kwanza. Mara nyingi kilichozeeka ni ile njia ya kulitoa joto.

Kwa nini basi mashine ipunguze mwendo badala ya kuungua? Mwaka 2001 wahariri wa tovuti ya Tom's Hardware walionyesha video iliyozungumzwa sana. Waliondoa kipozeo juu ya prosesa huku kompyuta ikiendelea na kazi. Athlon ya AMD iliungua palepale ikatoa moshi. Pentium III ilikwama. Pentium 4 ilipunguza kasi, ikaendelea kujikokota, na kipozeo kiliporudishwa ikarudi kwenye mwendo wake. Kinga hiyo leo imo katika kila prosesa ya kompyuta. Zile za laptopu huanza kujipunguza zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na zinafanya hivyo bila kumwambia mtu. Mwenye mashine haoni onyo lolote kwenye skrini. Anaona tu kwamba faili lililokuwa likifunguka mara moja sasa linasuasua.

Njia yenyewe ni fupi. Joto hutoka kwenye silikoni, hupita katika utando wa pesti, huingia kwenye sahani ya shaba, husafirishwa na bomba bapa hadi kwenye mapezi, na hapo feni hulisukuma nje. Hapa kuna namba inayoeleza karibu ufundi wote: shaba hupitisha joto zaidi ya mara 15,000 kuliko hewa iliyotulia. Kwa macho, nyuso za prosesa na sahani zinaonekana laini na tambarare, lakini zikikutanishwa bado vinabaki vishimo na mabonde madogo sana, na kila bonde lililojaa hewa ni ukuta. Kazi ya pesti ni kuifukuza hewa hiyo, basi. Pesti yenyewe hupitisha joto vibaya kuliko shaba kwa makumi ya mara, kwa hiyo anayeipaka nene akidhani anaongeza dawa, anaongeza ukuta mwingine. Inatakiwa iwe nyembamba kadiri inavyowezekana, na isikose popote.

Lile bomba bapa nalo linastahili kusimuliwa. Wengi hulidhania kuwa kipande cha shaba tupu, kumbe ndani lina uwazi, limefyonzwa hewa, na limeachiwa maji kidogo tu. Kwa kuwa shinikizo ni dogo, maji hayo huchemka kwenye joto la chini sana. Yakiwa mvuke hukimbilia upande wa mapezi, huko hupoa na kugeuka maji tena, kisha hurudi yalikotoka kwa kunyonywa na utambi uliopachikwa kwenye kuta za bomba. Mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa kwa sheria hiyohiyo: kinachogeuka mvuke huondoka na joto lake. Tofauti ni kwamba katika bomba mvuke hautoki nje, unazunguka humo humo kwa miaka. George Grover na wenzake walilitengeneza bomba la namna hii katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, na miaka michache tu baadaye likawa linapoza mitambo ya setilaiti. Leo limo ndani ya laptopu ya mtumba, na anayelipinda kwa haraka ya kung'oa kipozeo ameua kifaa ambacho hakuna bisibisi ya kukiponya.

Ndiyo maana mikono ya fundi haina pupa. Skrubu za kipozeo mara nyingi zimechorewa namba pembeni, moja hadi nne, nazo hulegezwa kidogokidogo kwa zamu, ya pembe hii kisha ya pembe inayoitazama kimshazari. Prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma juu yake. Silikoni imekaa uchi. Ukilegeza upande mmoja wote kwanza, sahani huinama, na ukingo wa silikoni unaweza kumeguka. Pesti ya zamani ikiwa imekauka, kipozeo hakivutwi juu kwa nguvu. Husokotwa taratibu, huku na huku, mpaka kiachie chenyewe.

Pesti hiyo ya zamani husomeka kama karatasi ya hospitali. Ikiwa ngumu na yenye mipasuko, mafuta yake yameisha. Ikiwa katikati hakuna kitu na pembeni imejirundika, basi imesukumwa nje na pumzi ya chuma: kila mashine inapopata moto na kupoa, nyuso mbili hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na kila mara pesti kidogo hukamuliwa. Fundi anayeona hivyo anajua kwamba pesti nyepesi itarudia yaleyale baada ya miezi, hivyo huchagua nzito zaidi, au ile karatasi ya kisasa inayokaa imara ikiwa baridi na kulainika ikifika nyuzi 45 hivi, ikajaza mabonde kisha ikatulia. Husafisha nyuso zote mbili kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, na baada ya hapo hagusi kwa kidole. Alama ya kidole ni mafuta.

Wapo wanaothubutu metali ya majimaji, mchanganyiko wa galiamu na madini mengine, inayopitisha joto kuliko pesti yoyote. PlayStation 5 iliyotoka mwaka 2020 inaitumia. Lakini galiamu huila aluminiamu, na tone likianguka kwenye mazabodi huleta shoti. Kiwandani kuna mipaka ya kuizuia isimwagike. Kwenye meza ya dukani, katika mashine itakayobebwa kwenye begi la daladala, naona busara ni kuiacha.

Vumbi nalo lina adabu yake. Hujikusanya kati ya feni na mapezi, mahali pasipoonekana kwa nje, likagandamana kuwa utando mzito. Anayepuliza bloa kupitia matundu ya nje hulisukuma likazame zaidi. Anayejua hufungua feni, huutoa utando kwa kibano ukiwa mzima, ndipo hupuliza, tena akiwa ameizuia feni kwa kidole, maana ikizungushwa kwa kasi isiyo yake huua beringi zake na huweza kuzalisha umeme ukarudi kwenye mazabodi.

Kazi hii ndogo ina ukoo mkubwa. Seymour Cray, aliyeunda kompyuta zilizokuwa za kasi kuliko zote duniani, alipambana na adui huyuhuyu. Cray-1, iliyofungwa Los Alamos mwaka 1976, ilipozwa kwa Freon, gesi iliyotumika katika majokofu, ikipita kwenye mabomba ndani ya nguzo za mashine. Ya kwanza ilichelewa kwa miezi sita kwa sababu mafuta ya kulainishia yaliyochanganyika na Freon yalivuja na kulowesha mabodi. Kilichoiokoa mashine ya hesabu kubwa kuliko zote ni mbinu mpya za kuchomelea mabomba. Hilo hunifurahisha sana: kwamba pale palipokuwa na wanahisabati na wanafizikia wa hali ya juu, mambo yote yalisimama yakimngoja mchomeleaji.

Cray-2, ya mwaka 1985, ilikwenda mbali zaidi. Mabodi yake yalibanwa kwa tabaka hata hewa isingepata pa kupita, kwa hiyo Cray akaizamisha kompyuta nzima. Kimiminika chenyewe kiliitwa Fluorinert, kilitengenezwa na kampuni ya 3M, ni angavu kama maji na hakipitishi umeme. Kilizungushwa katikati ya mabodi yakiwa na umeme yakifanya kazi, na pembeni ya mashine palisimama matangi angavu ambamo mtu aliweza kukiona kikitiririka. Waliiita Bubbles. Kutengeneza bodi moja kulihitaji kwanza kukihamisha kimiminika chote. Aina hii ya kemikali hudumu angani muda mrefu mno na huchangia kuongeza joto la dunia. Mwaka 2022 kampuni ya 3M ilitangaza kuacha kutengeneza kemikali za ukoo huo ifikapo mwisho wa 2025.

Wapenzi wa kompyuta wasio na fedha za serikali walipata njia yao: tangi la samaki na mafuta ya madini, yale safi yasiyo na harufu. Kampuni ya Puget Systems ya Marekani iliwahi kuuza vifaa vya kujengea kompyuta ya namna hiyo. Anayeiona mara ya kwanza hushtuka, feni zikizunguka polepole chini ya mafuta, taa zikiwaka. Lakini nguzo za umeme zilizo mitaani kwetu zimebeba kitu kilekile siku zote: transfoma huzamishwa kwenye mafuta yanayopoza na kuzuia umeme usiruke. Ndiyo maana yakiibwa transfoma huungua na mtaa mzima ukakaa gizani. Na mafuta hayo ya transfoma kuukuu yasiguswe na mpenda majaribio yeyote, kwa sababu ya zamani huenda yana kemikali za sumu.

Nguvu ya tangi la mafuta ni subira. Lita moja ya mafuta hubeba joto zaidi ya mara elfu moja kuliko lita moja ya hewa. Chukua tangi la lita 40 na kompyuta inayotoa wati 150: kupandisha mafuta kwa nyuzi moja kunachukua kama dakika saba. Asubuhi nzima inapita kabla hujaona shida. Lakini joto halijaondoka, limewekwa akiba tu, na tangi lisilo na rejeta ya kulitoa nje litakuwa limepasha moto kila kitu ifikapo jioni. Tena mafuta hupanda ndani ya nyaya na kutokea upande wa pili mezani, hulainisha mpira, na diski ngumu ya kuzunguka ya kawaida haiwezi kuzamishwa kwa kuwa ina kitundu cha kupumulia. Mwenye kujenga tangi zuri ameyawaza yote haya kabla ya kumimina.

Kuna wanaotaka kushuka chini ya joto la chumba. Naitrojeni ya majimaji ina nyuzi 196 chini ya sifuri, heliamu 269 chini ya sifuri. Agosti 2011 timu ya AMD ilitumia heliamu kuifikisha prosesa ya FX kwenye gigahezi 8.429, zaidi ya mara mbili ya kasi iliyouzwa nayo, kwa muda mfupi tu. Adui wao mkubwa hugeuka kuwa maji: hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi huacha matone, na matone juu ya mazabodi ni mauti. Kwa hiyo hupaka Vaseline kuzunguka prosesa kwa uangalifu mkubwa. Mombasa au Unguja, ambako unyevu ni mwingi, hata barafu au kipande cha Peltier, kile kinachopoza kwa umeme, kinatosha kuleta matone hayo. Anayeshauri laptopu iwekwe kwenye friji hajaishi Pwani.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote haionekani kabisa: kupunguza voltiji. Nguvu inayotumiwa na prosesa hufuata kasi yake mara voltiji ikijizidisha yenyewe. Ukiishusha kutoka 1.2 hadi 1.08 kwa kasi ileile, joto linalohusika hupungua kwa asilimia 19. Kiwanda huweka voltiji ya juu kidogo ili hata prosesa dhaifu ya kundi isilegee. Fundi huitafuta ya mashine hii moja, akishuka hatua ndogo na kujaribu kila hatua mpaka ikosee, kisha anapanda kidogo. Tangu Desemba 2019, udhaifu wa usalama ulioitwa Plundervolt ulipotangazwa, laptopu nyingi zimefungiwa mlango huo. Baadhi ya zile kuukuu bado zinao wazi.

Mashine ikiwa bado wazi mezani, kuiongezea diski ya SSD na RAM ya pili ni kazi ya dakika chache, na hakuna mabadiliko mengine yanayohisiwa haraka hivyo na mteja. Zinafaa zaidi sasa, kwa kuwa Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025 na karibu prosesa zote za Intel kabla ya kizazi cha nane hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Mashine iliyopozwa vizuri na kupewa Linux ina miaka mingine ya kazi.

Ikishafungwa haikabidhiwi papo hapo. Hupewa mzigo kamili kwa nusu saa, fundi akiangalia nyuzi na gigahezi pamoja, kwa sababu nyuzi zikishuka huku kasi nayo imeshuka hakuna kilichopona. Kasi ikisimama na joto likitulia chini ya kikomo, ndipo humpigia mwenyewe. Na akija huambiwa: “Dada, hii inavuta hewa kwa chini. Usiifanyie kazi juu ya godoro.”