Utamu wa Jalada la Polisi

Kwa msomaji wa Bujora, pale Kisesa kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, riwaya nzito ya upelelezi haizungumzi mambo ya mbali. Kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao Usukumani, na wanawake wazee ndio walioumia zaidi. Macho mekundu ya bibi aliyepikia kinyesi cha ng'ombe miaka nenda miaka rudi yaliweza kuhesabiwa kuwa ushahidi.

Katika riwaya ya polisi iliyoandikwa vizuri, uvumi haumtii mtu hatiani. Huo ndio ufundi wake, na ndio utamu wake.

Muhammed Said Abdulla alifungua njia kwa Mzimu wa Watu wa Kale, 1960: Bwana Msa, na kiko chake, anafumbua fumbo kwa akili tu. Lakini Msa si askari. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya 1965, alimleta Inspekta Wingo, mtumishi wa serikali anayefanya kazi iliyo wajibu wake. Jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba alikuja baadaye na bastola na mbio zake, akapendwa mno. Utamu wake ni mwingine.

Mwaka uleule wa 1965, huko Sweden, Maj Sjöwall na Per Wahlöö walichapisha Roseanna. Mwili wa mwanamke unaopolewa mferejini, karibu na Ziwa Vättern. Hana nguo, hana jina. Mpelelezi Martin Beck na wenzake wanaandika barua na kusubiri majibu. Wanakusanya picha zilizopigwa na abiria wa meli ya watalii aliyosafiria marehemu, wanazikagua sura moja baada ya nyingine. Miezi inapita. Mwandishi mwenye pupa angeiruka subira hiyo. Hawa wawili wameifanya moyo wa kitabu, na msomaji anafunua kurasa kwa hamu ambayo risasi haziwezi kuileta.

Kabla ya kumtafuta muuaji, sharti marehemu ajulikane ni nani. Watu wa mialoni Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Riwaya kama hiyo ya Mwanza ingeweza kuanzia Mwaloni Kirumba, ikapitia ripoti ya daktari wa hospitali ya Bugando, kisha maelezo ya majirani, mmoja mmoja, mpaka mmoja wao ataje saa isiyolingana na ya mwenzake. Hapo msomaji angerudi nyuma kurasa kadhaa, kidole kikifuata mistari, kuhakikisha.